Infakti ndogo si lazima iwe ya mshipa mdogo

Nimeletewa tena ripoti ya MRI ya ubongo wa mgonjwa wa kiharusi, yenye mstari uleule: "Infakti ndogo ya ndani, ugonjwa wa mishipa midogo." Infakti ni sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu. Kwa kuwa mgonjwa ana shinikizo la damu, uchunguzi ukaishia hapo. Moyo haukupimwa, ateri za shingo hazikutazamwa. Jamani, hili limenichosha. Udogo ni kipimo, hauwezi kuwa chanzo.

Wengi hujitetea kwa uainishaji wa TOAST wa mwaka 1993, unaogawa viharusi kwa vyanzo vyake, kwamba infakti ya ndani isiyofika milimita 15 ni ya mshipa mdogo. Wausome wote! TOAST inataka pia moyo usiwe na chanzo cha bonge la damu, na ateri kubwa ya upande huo isiwe imebana zaidi ya 50%. Bila vipimo hivyo, huo mstari wa ripoti ni dhana tu.

Mimi nikifungua DWI (picha ya MRI inayoonyesha kiharusi kipya), doa lililo wazi nalipita kwanza. Natafuta la pili: chembe nyeupe ya milimita mbili tatu kwenye gamba la ubongo, ambayo kwenye ADC (picha inayosomwa pamoja na DWI kuthibitisha kuwa doa ni jipya) inageuka nyeusi. Ikiwapo, hasa upande mwingine au nyuma, nauelekea moyo au aota (ateri kuu itokayo moyoni), ambako bonge la damu huweza kutoka. Madoa yakipangana mpakani mwa maeneo ya ateri ya mbele na ya kati, nageukia karotidi, ateri kubwa ya shingo.

Kinachoniudhi zaidi ni ponsi, sehemu ya shina la ubongo. Doa likikaa katikati bila kugusa ukingo, mshipa mdogo unakubalika. Likianzia ndani na kufika hadi uso wa mbele wa ponsi, shuku utando wa mafuta ndani ya ateri ya basila (ateri kubwa inayopita mbele ya ponsi), uliofunika mdomo wa tawi pale linapochipuka. Hapo ugonjwa ni wa ateri kubwa, ingawa kidonda ni kidogo. Na angiografia ya CT (picha ya mishipa ya damu) inaweza kuonyesha basila safi kabisa, kwa sababu inaonyesha njia ya damu na siyo ukuta wa mshipa. Ndani ya ubongo nako, doa refu linaloonekana kwenye vipande vitatu au zaidi vya picha linanifanya niwaze hivyohivyo.

"Lakini daktari, mada nyeupe ya ubongo imejaa mabadiliko!" Sawa. Hayo ni ya zamani. Yanatuambia mishipa midogo imechakaa, hayatuambii nini kimetokea jana. Vivyo hivyo vivujo vidogo vya damu kwenye SWI (picha ya MRI inayoonyesha mabaki ya damu): vya ndani huambatana na shinikizo, vya pembezoni huelekeza kwenye amiloidi, protini inayojikusanya kwenye kuta za mishipa. Mzee mwenye hayo yote anaweza pia kuwa na moyo unaodunda bila mpangilio.

Ugumu upo, na vitabu huupitia haraka. Hata tukipima kila kitu, karibu robo ya wagonjwa hubaki bila chanzo kinachojulikana, na wengine wana vyanzo viwili vinavyoshindana. Sura ya madoa inayoashiria bonge nayo haitoshi kuandikia dawa za kuzuia damu kuganda: majaribio ya NAVIGATE ESUS ya 2018 na RE-SPECT ESUS ya 2019, kwa wagonjwa wa kiharusi cha bonge lisilojulikana lilikotoka, hayakuonyesha kuwa dawa hizo zinaishinda aspirini katika kuzuia kiharusi kingine.

Kwa hiyo kwenye ripoti niandikieni doa liko wapi, lina milimita ngapi, linagusa ukingo gani na kama kuna jingine. Chanzo tukitafute pamoja, ECG (kipimo cha mapigo ya moyo) ya muda mrefu na picha za ateri zikiwa mezani.