Miadi ya saa kwenye kliniki ni kitu gani, na kwa nini tarehe ya kurudi peke yake haitoshi

Kadi ya mama yangu ya kliniki ya sukari imejaa tarehe za kurudi, zimeandikwa kwa peni za rangi zote, ila hamna hata sehemu moja iliyoandikwa saa. Ni tarehe tu. Sasa mkiambiwa mrudi Jumanne bila saa, wewe na wenzako wote wa hiyo Jumanne mnaelewa kitu kimoja, kwamba anayewahi namba ndo anayewahi kuondoka, kwa hiyo saa 11 alfajiri mabenchi yameshajaa na daktari mwenyewe anaanza saa 2, na akianza anamkuta mtu wa kwanza na wa sitini wote wako pale pale wanamsubiri yeye.

Miadi ya saa maana yake ni kwamba kila mgonjwa anapewa siku na saa yake ya kufika, na kliniki nayo inajipanga kumwona karibu na saa hiyo. Wengi tunaita apointimenti hata ile tarehe tupu ya kwenye kadi, lakini mimi naona tarehe bila saa ni ruhusa ya kuja kukaa kwenye foleni siku fulani, basi.

Tupige hesabu ndogo ili ieleweke. Wagonjwa 60, daktari mmoja, kila mtu dakika 6. Hizo ni dakika 360, yaani masaa 6, toka saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Wakija wote saa 2, wa kwanza hasubiri, wa mwisho anasubiri dakika 354, ukichukua wastani kila mtu kakaa karibu masaa 3, na hapo sijahesabu ule muda wa tangu alfajiri. Sasa wagonjwa haohao 60 wagawe kumi kumi, kumi waje saa 2, kumi saa 3, kumi saa 4, hivyo hivyo mpaka kundi la mwisho la saa 7. Anayesubiri sana kwenye kila kundi anasubiri dakika 54, na wastani unashuka hadi dakika 27. Daktari ni yuleyule, dakika 6 zilezile, anamaliza saa 8 ileile, hajaajiriwa mtu wala halijajengwa jengo. Kilichobadilika ni saa ya watu kutoka nyumbani kwao.

Ila hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, maana kliniki ya kweli kuna bibi ana kidonda mguuni atachukua dakika 20 na kuna kijana kafuata dawa tu dakika 2 katoka. Hili walishaliangalia zamani, mwaka 1952 Uingereza watafiti wawili, Welch na Bailey, waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu foleni za wagonjwa wa nje, na kanuni iliyobaki na jina la Bailey mpaka leo inasema anza na watu wawili kwa pamoja mwanzo wa kliniki, halafu waliobaki waite mmoja mmoja kwa kuachanisha muda sawa na wastani wa kumhudumia mtu mmoja. Yule wa pili wa mwanzo ni akiba, kwamba wa kwanza akichelewa daktari asikae bure. Kwa kliniki zetu nyingi naona makundi ya saa moja moja yanafaa zaidi kuliko kumpa mtu saa 3 na dakika 12, maana nani anaweza kuiahidi daladala dakika 12. Na kila baada ya makundi mawili uache nafasi tupu kidogo, ya waliochelewa na ya aliyekuja anahema vibaya bila miadi yoyote, huyo huwezi kumwambia arudi kesho.

Sasa kuna kitu kinaua huu mpango haraka kuliko chochote, nacho ni kliniki yenyewe kuchelewa kuanza. Daktari kapitia wodini kwanza, kafika saa 4, hapo makundi ya saa 2 na saa 3 yote yamelundikana. Mgonjwa akishaona mara moja kwamba alikuja saa 4 kama alivyoandikiwa na bado wakatangulizwa waliowahi alfajiri, mwezi ujao na yeye atakuja alfajiri, na hapo mmerudi mlikotoka. Mapokezi wakiita watu kwa kufuata nani kafika kwanza badala ya saa ya kwenye kadi, miadi imekufa siku hiyohiyo. Mimi nawaelewa wanaowahi kwa sababu wamefundishwa hivyo na foleni miaka yote.

Kwa wagonjwa wa sukari haya mambo ni ya hatari kabisa. Wanaambiwa waje bila kula ili wapimwe sukari ya asubuhi, kipimo kinataka uwe hujala kama masaa 8 hivi. Mama siku moja alikula saa 2 usiku, akaamka saa 10, tukakaa benchi, dirisha la kupima likaja kumfikia saa 6 mchana. Hebu hesabu, ni masaa 16 mtu mzima wa dawa za sukari hana kitu tumboni. Nilimwona mikono inatetemeka, jasho linamtoka usoni na hakukuwa na joto, akaanza kunijibu polepole, nesi aliyekuwa anapita ndo akamwona, akajua sukari imemshuka, akamkorogea maji ya sukari kwenye kikombe. Ingekuwa wanaopimwa bila kula wanapewa makundi mawili ya kwanza, na waliofuata dawa tu wanapewa kuanzia saa 6, asingefika hali ile.

Faida nyingine watu hawaioni sana, ni faili. Ukijua jana yake nani anakuja kesho saa ngapi, mafaili yanatolewa jioni na kupangwa kwa makundi, asubuhi hamna mtu anapanda kwenye rafu kutafuta faili huku watu 60 wanamwangalia. Tena usipofanya hivyo unaweza ukafupisha foleni ya daktari ukaikuta imehamia mapokezi au maabara.

Halafu kuna meseji za kukumbusha. Ni nzuri, hasa kwa tarehe za miezi mitatu mbele ambazo watu wanasahau, lakini angalia saa inavyoandikwa. Meseji ikija "miadi yako ni 08:00", mzee wangu hapo anasoma saa nane, anakuja mchana kliniki imefungwa. Iandikwe "saa 2 asubuhi" kwa maneno yetu, na mtu wa mapokezi amtamkie mgonjwa na mgonjwa arudie kwa mdomo kabla hajaondoka dirishani.

Kama kuna anayedhani haya ni ya nchi tajiri, Msumbiji hapo jirani walijaribu kwenye kliniki za wajawazito, matokeo yakatoka 2019, muda wa kusubiri ulipungua kwa karibu dakika 100. Hizo ni kliniki za kawaida za serikali, mama mjamzito anapewa siku na saa yake.

Na kuna wagonjwa ambao hawatakiwi hata kuwepo kwenye foleni. Kwa wanaotumia dawa za VVU na hali zao ziko imara, WHO tangu 2016 inashauri wapewe dawa za miezi 3 mpaka 6 kwa mkupuo, kila safari iliyopunguzwa ni nafasi imepata mtu mwingine anayehitaji kuonwa na daktari leo.

Kitu kimoja ningeomba sana mapokezi wafanye kabla ya kuandika saa, wamuulize mtu anatoka wapi. Kuna wanaotoka vijijini na gari la kwanza linaingia mjini saa 5, huyo ukimwandikia saa 2 umemwambia alale stendi, mwandikie saa 6 na umhakikishie kwamba akifika atakuta nafasi yake ipo.