Restauration: Waliozidi Walikuwa Abiria, Si Vibali

Tangu nakala ya Restauration, merikebu iliyowaleta Wanorwei Marekani mwaka 1825, itie nanga New York tarehe 9 Oktoba 2025, miaka 200 kamili baada ya ile ya awali, tumepokea maswali mengi, na mengi yamejengwa juu ya dhana moja: kwamba Wanorwei wa mwaka 1825 walikamatwa kwa kuingia Marekani bila vibali. Si kweli. Wakati ule Marekani haikuwa na viza. Kilichovunjwa ni sheria ya abiria, na wanaosambaza habari hii mitandaoni ni dhahiri hawajaisoma.

Sheria hiyo ya tarehe 2 Machi 1819 iliruhusu abiria wawili kwa kila tani tano za chombo, mabaharia wakiwa nje ya hesabu. Chombo cha tani 50, basi, kilipaswa kubeba abiria 20. Cha tani 100, abiria 40. Tani hapa ni kipimo cha ukubwa wa chombo, si uzito wa mzigo. Kila abiria aliyezidi alileta faini ya dola 150, iliyomwangukia nahodha na mwenye chombo. Waliozidi wakifika 20, chombo chenyewe kilitaifishwa. Aidha, nahodha alitakiwa kumkabidhi afisa wa forodha orodha ya abiria yenye umri, jinsia, kazi na nchi ya kila mmoja, pamoja na waliofia njiani. Asipoikabidhi, aliadhibiwa sawa na aliyeshindwa kuwasilisha orodha ya mzigo.

Restauration ilitozwa dola 3,150. Gawanya kwa 150 upate abiria 21 wa ziada. Wangezidi 19, wangelipa faini na kubaki na chombo chao. Kwa 21, chombo kilishikwa na nahodha akatiwa mbaroni. Kwa kawaida abiria hana lake katika kesi ya namna hii, ila hapa baadhi ya abiria ndio waliochanga fedha kukinunua chombo.

Nacho kilikuwa chombo kidogo mno: mlingoti mmoja, urefu wa mita 16 hivi, yaani kulizidi basi la mikoani kwa mita chache tu. Kiling'oa nanga Stavanger tarehe 4 Julai na watu 52 pamoja na shehena ya chuma, kikafika baada ya siku 97 kikiwa na watu 53, kwani mtoto wa kike alizaliwa baharini mwezi Septemba. Inasimuliwa kwamba karibu na Madeira waliokota pipa la mvinyo lililokuwa likielea, wakalinywa, na merikebu ikaingia bandari ya Funchal bila bendera huku mizinga ya ngome ikielekezwa kwao. Meli ya jirani ndiyo iliyowapigia kelele wapandishe bendera. Sisi tunaoangalia usalama wa safari za baharini hatuoni kichekesho hapo.

Wengine huuliza kama walikimbia njaa. Umaskini ulikuwepo, lakini kiini cha kundi hili kilikuwa Wakwekeri (Wakristo waitwao pia Marafiki) na walioelekea imani hiyo, ambao Kanisa la dola la Norwei liliwabana. Ni Marafiki wale wale ambao wasomaji wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wanawafahamu vyema. Kiongozi wao, Lars Larsen Geilane, aliipata imani hiyo akiwa mfungwa wa vita Uingereza.

Rais John Quincy Adams aliwasamehe tarehe 15 Novemba 1825, faini ikafutwa na chombo kikarudishwa. Walikuwa wamejieleza kwamba hawakuijua sheria. Msamaha haukusema kwamba kosa halikutendeka, na hakuna nahodha anayeshauriwa kuutegemea. Wengi wao walikwenda kulima Kendall, jimbo la New York, kando ya Ziwa Ontario, na kuanzia 1834 baadhi wakahamia Fox River, Illinois.

Mwisho, kwa ndugu zetu walioko Minnesota wanaowasaidia wakwe kutafuta mababu wa Kinorwei: acheni kuanzia Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York kilichofunguliwa mwaka 1892. Baada ya Uingereza kulegeza sheria zake za usafirishaji mwaka 1849, merikebu nyingi za Norwei zilishusha wahamiaji Quebec, Kanada, iliyokuwa koloni lake, na kurudi na mbao. Kwa aliyesafiri kwa tanga katika miaka ya 1850 na 1860, anzeni na orodha za bandari hiyo.