Maporomoko nyuma ya migomba

Juzi nimeletewa tena picha ya skrini. Alama nyekundu ya maporomoko ya maji kwenye ramani, pembeni ya barabara ya Uru, na ujumbe chini yake: "Kaka, hapa si ni mita 300 tu? Nyumba zimejaa, dakika kumi tumefika." Huyu ni wa nne tangu masika yaishe. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, maporomoko yaliyo karibu na nyumba za watu ndiyo yanayonisumbua kuyafikia kuliko mengine yote.

Sizungumzii Materuni wala Kinukamori. Kule unalipa kiingilio, unafuata njia, unapiga picha. Nazungumzia yale yasiyo na kibao, yaliyojificha kati ya kihamba na kihamba, yaani shamba la ukoo la Mchagga linalozunguka nyumba.

Mito ya huku imekata miamba ya volkano ikaacha makorongo yenye kuta za wima, na juu watu wamelima mpaka ukingoni. Unasimama kwenye migomba, maji unayasikia, huoni kitu. Hizo mita 300 zimepimwa hewani. Tena data ya mwinuko inayotumiwa na programu nyingi ina kipimo kimoja kila mita 30 hivi, kwa hiyo ukuta wa mita 20 unaweza kumezwa kabisa, ukaonyeshwa mteremko wa kawaida. Na ile nukta nyeupe mnayoizungushia duara kwenye picha ya setilaiti mkidhani ni povu la maji, mara mbili nimeifuata nikakuta bati jipya la banda la ng'ombe.

Linaloniudhi hasa ni hili: "Mto ni wa serikali, tutapita tu." Ni kweli maji si mali ya mtu binafsi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini kabla hujaufikia huo ukingo unapita kihambani mwa mtu, penye kahawa, migomba, banda, na makaburi ya wazee wake. Angalia mpaka: masale, majani membamba marefu, yamepandwa kwa mstari. Kwa Mchagga jani la sale ndilo linalopelekwa kuomba msamaha. Mwaka jana nilimwona mpiga picha akiyasukuma kwa tripodi, ile miguu mitatu ya kamera, apate pa kupenya. Mashina mawili yakavunjika. Mzee mwenye kihamba alikuja, akayasimamisha, akayashindilia udongo kwa kisigino, hakusema neno. Njia ile sasa imezibwa kwa miiba, na mimi pia sipiti.

Kwa hiyo nenda siku moja kabla, bila kamera. Piga hodi nyumba ya mwisho. Usimwulize kijana wa bodaboda, atakwambia "hapo tu". Mtafute anayekata majani ya ng'ombe. Anayeshuka korongoni kila siku na mundu, akapanda na mzigo kichwani, ndiye anayejua ushike mzizi gani na jiwe lipi lina utelezi.

Mmoja wao nilimsalimu hivi: "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo usishuke, maji yamekwenda mfongoni, zamu ya watu wa ng'ambo. Njoo kesho mchana."

Mfongo ni mfereji wa kumwagilia mashamba. Nilishuka hata hivyo. Nikakuta uzi mwembamba wa maji juu ya mwamba mkavu. Kesho yake saa nane yalikuwa yakinguruma. Palipo na mfongo unaochota juu ya maporomoko, zamu ya umwagiliaji ndiyo inayoamua picha yako, na ratiba yake haipo kwenye simu.

Mwanga: makorongo mengi hapa yanaelekea kusini, kwa hiyo jua la saa sita linapenya hadi chini na kuunguza weupe wote wa maji pichani. Asubuhi na alasiri kuta zinatia kivuli. Piga wakati huo, shata ikae wazi robo sekunde mpaka sekunde moja, na polaraiza, kichujio cha lenzi cha kuondoa mng'ao kwenye majani. Droni inataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hata ukiwa nacho, chini yako ni uani kwa watu. Mvua ikinyesha juu msituni, kijijini jua linaweza kuwa linawaka. Maji yakianza kubadilika rangi na kubeba majani, panda. Acha tripodi.

Kuna mambo mawili sijayamaliza moyoni. Niliwahi kumpa mwenye kihamba shilingi elfu kumi. Safari iliyofuata majirani wawili walikuwa wanagombania njia inapita kwa nani. Siku hizi ninapeleka picha iliyochapishwa, na yule mama ameibandika yake juu ya mlango wa jiko, ila sina hakika kama hayo ni malipo ya haki. La pili, mahali huwa napaficha, lakini wale wanne wote walianza kwa kuona picha zangu.

Alama ya ramani sitaituma. Jumamosi niko Moshi; anayetaka aje, twende tukapige hodi pamoja.