Msimtishe Mtoto kwa Polisi: Sheria Hufundishwa Kuanzia Nyumbani

Na Afisa Ustawi wa Jamii, Moshi

Juni 16 inakaribia na shule za Moshi zimeshaanza kuwakaririsha watoto ngonjera za Siku ya Mtoto wa Afrika. Siku hii huadhimishwa tangu 1991 kuwakumbuka wanafunzi waliopigwa risasi Soweto mwaka 1976 (Soweto ya Afrika Kusini, si hii yetu ya hapa mjini, kuna mzazi aliwahi kuuliza). Msimu huu pia ndio wazazi wanapanga foleni ofisini kwetu na lalamiko lilelile: "Mmewafundisha watoto haki, sasa hawatumwi." Mtoto akiambiwa aoshe vyombo anajibu kwamba ana haki ya kucheza. Mzazi anataka twende shuleni tukayafute tuliyoyasema.

Hatutayafuta. Ila nakubali kwamba watoto wengi wamekaririshwa nusu ya sheria. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inataja haki ya jina, matunzo, elimu, kucheza na kutoa maoni. Ukifika kifungu cha 15 unakuta wajibu wa mtoto: kufanya kazi kwa ajili ya mshikamano wa familia, kuwaheshimu wazazi, walezi na wazee, na kuitumikia jamii yake kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unasema hivyohivyo katika ibara ya 31. Kwa hiyo ndugu mzazi, mtoto anayekataa kuosha vyombo kwa kisingizio cha haki, msomee kifungu cha 15. Kuosha vyombo si ajira. Kumtoa mtoto wa miaka tisa darasani akauze karanga stendi ni jambo jingine kabisa, na tukilikuta hatuitishi kikao cha ukoo. Anayekiuka masharti ya matunzo na ulinzi wa mtoto katika sehemu hiyo ya sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote kwa pamoja.

Baada ya hapo mzazi huuliza: sasa mtoto wa chekechea au wa darasa la pili nimfundishe nini kuhusu serikali? Katiba haiwezi. Ni kweli, na hakuna aliyesema mwanzie na Katiba. Mtoto mdogo anaanza kuelewa sheria pale anapoona kanuni ya nyumbani inambana hata aliyeitunga. Umesema simu haziruhusiwi wakati wa kula, basi na yako iwe kabatini. Ukiitoa, mtoto atakuuliza, "Na wewe je, baba?" Wengi wetu hapo tunamwita mjeuri. Mtoto hajakosa adabu. Anachouliza ndicho kilichoandikwa katika ibara ya 13 ya Katiba, kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na ukimnyamazisha kwa kofi umemfundisha kwamba sheria ni ya wadogo.

Kuna tabia nyingine inayotupa kazi isiyo ya lazima, nayo ni kumgeuza polisi kuwa zimwi. "Usipokula namwita polisi." "Ukilia tena yule afande anakubeba." Mama anasema hivyo kwenye daladala huku akimwonyesha mtoto askari wa usalama barabarani aliyesimama pale kwenye mzunguko, hajui lolote.

Nikueleze matokeo yake. Mtoto wa kike wa miaka kama mitano alipotea Jumamosi moja soko la Mbuyuni. Askari alipomsogelea ili amsaidie, mtoto aliingia chini ya meza ya mitumba akang'ang'ania mguu wa meza, akilia kwamba amekula chakula chote. Ilibidi mama muuza vitenge amtoe kwa kumbembeleza na ndizi mbivu, na yule askari, ambaye naye ni mama, akavua kofia akachuchumaa pembeni. Alipoulizwa jina la mama yake akasema "Mama Junior". Anakaa wapi? "Nyumbani." Sasa Mama Junior wa Moshi ni wengi kuliko migomba ya Kibosho. Mtoto wa umri huo anaweza kabisa kujua jina lake kamili, jina la baba au mama kama lilivyo kwenye kitambulisho, mtaa anaokaa na jina la mwenyekiti wa mtaa. Hilo nalo ni somo la uraia.

Kwa wasiojua utaratibu: mtoto aliyepotea hupelekwa kituo cha polisi na taarifa zake huandikwa, kisha Dawati la Jinsia na Watoto huwasiliana nasi. Tangazo hupita kwa wenyeviti wa mitaa, misikitini na makanisani, na redioni ikibidi. Ikifika jioni hajapata mwenyewe, hapelekwi mahabusu, anawekwa kwa familia ya kuaminika iliyokwisha kuchunguzwa. Mzazi anayekuja kumchukua aje na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, na asikasirike akiulizwa maswali. Tunauliza kwa sababu wapo wanaokuja kuchukua watoto wasio wao.

Na hiyo "utafungwa" ni uongo hata kisheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kwa jambo lolote. Aliye chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa alichokifanya hakifai. Sheria ya Mtoto nayo, kifungu cha 119, inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Wapo watakaosema basi tumewapa watoto ruhusa ya kuiba. Hatujawapa. Mtoto mkubwa akituhumiwa hufikishwa Mahakama ya Watoto, inayokaa faragha, afisa ustawi akiwepo, na zipo amri za uangalizi na za kurekebishwa tabia. Ninachoomba ni kwamba msimtishe wa miaka sita kwa adhabu isiyokuwepo, maana akishagundua kuwa ilikuwa danganya toto, hata ile ya kweli hataiamini.

Watoto wa Moshi wanayo bahati moja. Mji wetu unasifika nchi nzima kwa usafi, na sheria ndogo za usafi wanaziona kwa macho kila wakishuka stendi. Mtoto anajua kwamba ganda la ndizi halitupwi chini. Ila akipanda gari kwenda Himo anamwona shangazi akirusha ganda la muwa dirishani mara tu mji unapoisha. Hapo mwambieni kweli: sheria ndogo ya manispaa ina mpaka wake, lakini uchafu ni kosa huko nako. Mifuko ya plastiki inafaa sana kufundishia, kwa sababu mtoto anayeanza shule leo hajawahi kuuona ule mfuko mweusi wa rambo ukigawiwa kama njugu. Tangu Juni 1, 2019 imepigwa marufuku nchi nzima. Anayekutwa anautumia anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote. Anayeuza ni shilingi 100,000 hadi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi 3. Muulize mtoto: kwa nini muuzaji anabanwa zaidi ya mnunuzi? Na kwa nini mwenye kiwanda abanwe kuliko wote? Watoto wa darasa la tatu hulijibu vizuri kuliko wazazi wao, ambao huishia kusema serikali inatafuta hela.

Ukishikwa na kosa ukiwa na mtoto, lipa faini halali kwa namba ya malipo ya serikali, upewe stakabadhi, umwonyeshe. Usivute mtu pembeni "mkamalizana". Mtoto wa kiti cha nyuma anaiona noti ikipita mkononi na anasikia "ya soda hii, afande." Kwa kuwa hili watu hulichukulia mzaha, narudia: chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, anayetoa na anayepokea wote wana kosa. Adhabu yake ni faini kati ya shilingi 500,000 na milioni 1, au kifungo kati ya miaka 3 na 5, au vyote.

Shuleni rushwa huanza na ile karatasi ya wapiga kelele. Kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii anaijua. Mwalimu anatoka, monita anasimama mbele na kalamu, majina yanaandikwa. Rafiki wa monita anapiga kelele na haandikwi. Mwingine ameandikwa lakini ana ubuyu wa shilingi mia, jina linafutwa. Mwalimu anarudi, anasoma orodha, walioandikwa wanaadhibiwa bila kuulizwa neno. Dakika kumi na tano, na mtoto amejifunza mashtaka yanavyotungwa, yanavyofutwa na yanavyohukumiwa. Kisha tunampeleka kwenye klabu ya wapinga rushwa akaimbe.

Sisemi monita waondolewe. Nasema mwalimu aulize: nani anaandika jina la monita mwenyewe? Aliyeandikwa apewe nafasi ya kusema, maana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa iko katika ibara ya 13(6) ya Katiba, na haisubiri mtu afike mahakamani. Kuhusu viboko, naona walimu wengine hunitazama kama siwajui. Kanuni za 2002 ziko wazi: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, mtoto wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila tukio liandikwe kwenye daftari maalumu. Fimbo ya papo kwa papo kwa orodha ya monita haimo.

Kura nazo zinafundishika mapema. Katika darasa la kwanza moja hapa mjini, mwalimu alibandika picha za watoto watatu kwenye makopo matatu, akafunga kanga kona ya darasa, kila mtoto akaingia nyuma yake na punje moja ya harage. Walipohesabu, maharage yakazidi watoto kwa moja. Mwalimu alitaka waendelee tu, kwa kuwa aliyeongoza alikuwa mbele sana. Mtoto wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, si ulisema moja moja?" Wakarudia. Mshindi akawa yuleyule, na hakuna aliyeona wamepoteza muda. Ningependa viranja wachaguliwe namna hii kila muhula, badala ya kuteuliwa kwa urefu au kwa kujua kusoma haraka, na darasa liruhusiwe kumwondoa asiyetenda haki.

Wenye wazee Uru, Kibosho au Old Moshi wana darasa jingine bure. Mpelekeni mtoto kwa babu akaonyeshwe mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia: nani ana zamu ya maji leo, kwa nini wa juu asifunge mpaka wa chini apate, na asiyetokea siku ya kusafisha mfereji alitozwa nini. Hapohapo mwambieni pia kwamba wanawake hawakuwa na sauti katika vikao vya mfereji, ingawa wao ndio waliobeba ndoo. Mtoto ataona mwenyewe pasipo haki.

Mtaani, mtoto atofautishe mwenyekiti wa mtaa, ambaye huchaguliwa kwa kura, na mtendaji, ambaye huajiriwa. Wazazi wengi hawawatofautishi, ndiyo maana wanakuja kutudai sisi barabara. Taarifa ya mapato na matumizi ikibandikwa ubaoni, simama naye uisome. Wakubwa kidogo, wa darasa la tano kuendelea, wapelekwe Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi: Makumbusho ya Azimio la Arusha la 1967 yako pale, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake jijini humo, ambako nchi hushtakiwa. Watoto hupenda sana kusikia kwamba hata serikali inaweza kuitwa mahakamani.

Anayeona mtoto akinyimwa haki zake ana wajibu, kwa kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto, kutoa taarifa serikali za mitaa. Hiari haipo. Tukipokea taarifa tunamwita anayelalamikiwa, tunamsikiliza, tunaamua kwa maslahi ya mtoto. Akikaidi tunapeleka shauri mahakamani. Simu ya 116 hailipiwi, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Wafundisheni namba hiyo pamoja na ile ya mama.

Shule inayotaka afisa aje kuzungumza na watoto kabla ya Juni 16 ilete barua iliyosainiwa na mkuu wa shule kupitia afisa elimu kata, ikitaja madarasa na umri wa watoto. Ujumbe wa WhatsApp wa saa nne usiku hauhesabiwi kuwa barua, na ngonjera ndefu msituandalie, tutahitaji muda huo watoto waulize maswali.