Kutoka storibodi hadi mkato wa mwisho: kwa nini filamu ya taharuki hubadilika njiani

Storibodi ni mfululizo wa vichoro vinavyoonyesha shoti za filamu, yaani vipande vinavyorekodiwa bila kukata, kabla hazijapigwa: nani yumo ndani ya fremu, kamera imewekwa wapi, mwigizaji anaelekea upande gani. Chini ya kila kichoro huandikwa maneno machache kuhusu mazungumzo, sauti na muda. Utaratibu huu ulishika mizizi katika studio ya Walt Disney mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wachoraji wa katuni walibandika vichoro ukutani ili waione hadithi nzima kwa mara moja na kuhamisha kipande kilichokaa vibaya. Kwa hiyo tangu mwanzo vichoro hivi vilikusudiwa kupanguliwa.

Mkato wa mwisho ni filamu yenyewe ikishatoka kwa mhariri: shoti zimechaguliwa, zimepunguzwa, zimepangwa, sauti imewekwa na rangi zimelinganishwa.

Wanafunzi wa filamu huulizwa sana kilichobadilika kati ya hivyo viwili. Uingereza, kwa mfano, kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari ya juu waliosoma somo la media walikuwa wakipewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu, dakika mbili hivi, kisha kueleza maamuzi yao. Wanafunzi wengi huchagua taharuki, kwa sababu inawezekana kwa mtu mmoja, mlango mmoja na giza. Majibu yao huwa ya kujitetea: mvua ilinyesha, mwigizaji hakutokea, betri iliisha. Hayo ni kweli, ila ni sehemu ndogo tu ya jibu.

Tuchukue mfano. Msichana anarudi hosteli saa nne usiku. Korido ina giza. Anafika mlangoni kwake, anakuta kitasa kimevunjwa. Anasukuma mlango, na ndani kuna mtu amekaa kitandani. Kwenye storibodi hii ni kama picha kumi na mbili, zote za ukubwa mmoja. Hapo ndipo karatasi inapodanganya. Mkono kugusa kitasa umepewa kisanduku kimoja, na kutembea korido nzima kumepewa kisanduku kimoja vilevile. Kwenye filamu, mkono unaweza kukaa nusu sekunde na korido sekunde kumi na tano, na hofu yote iko katika tofauti hiyo. Unaweza kuandika "sek. 15" chini ya kichoro, lakini hujui kama zinachosha au zinatisha mpaka uzitazame zikipita.

Siku ya kupiga picha, korido inakuwa nyembamba kuliko ilivyochorwa. Kamera haiwezi kurudi nyuma ikampata msichana mwili mzima, na ikijaribu inaona taa ya mlinzi. Mpigapicha anamfuata kwa nyuma, karibu, tunaona bega na kisogo tu. Ni shoti ambayo hakuna aliyeichora. Mezani kwa mhariri inaonekana ndiyo bora, maana mtazamaji sasa haoni zaidi ya anachokiona msichana, na hajui kilichoko pembeni.

Hilo limewapata hata wenye fedha. Mwongozaji Steven Spielberg alipopiga Jaws, filamu ya papa anayeshambulia watu, baharini kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, mwaka 1974, papa wa mashine aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo aliharibika tena na tena kwenye maji ya chumvi. Ratiba ya siku 55 ikawa siku 159. Shoti nyingi zilizochorwa zikiwa na papa zilibidi zitengenezwe bila papa: pipa la njano linalokokotwa juu ya maji, kamera inayoogelea chini ya miguu ya watu, na muziki wa John Williams. Mhariri Verna Fields alipata Oscar kwa kazi hiyo. Kwa maoni yangu hakuna somo bora zaidi kwa mwanafunzi wa taharuki: mara nyingi kinachotisha kwenye karatasi ndicho cha kwanza kupunguzwa.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote halitokani na ajali. Ni la mpangilio. Rudi kwenye kitasa kilichovunjwa. Storibodi imekiweka baada ya msichana kufika mlangoni, kwa hiyo yeye na sisi tunashtuka pamoja. Sasa mhariri aichukue shoti hiyohiyo aisogeze mwanzo kabisa, kabla msichana hajaingia hata getini. Hakuna kilichopigwa upya. Ila sasa kila hatua yake koridoni ina uzito, kila akisimama kusoma ujumbe kwenye simu tunataka kumwambia asiende. Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za taharuki, aliwahi kuieleza tofauti hii kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka ghafla, watazamaji wanapata sekunde 15 za mshtuko. Wakijua litalipuka saa saba kamili na saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasorobo, wanapata dakika 15 za taharuki, hata kama walioketi mezani wanazungumza upuuzi mtupu.

Sauti nayo haichoreki. Mwanafunzi huandika "muziki wa kutisha" chini ya picha na kuendelea mbele. Kwenye uhariri anagundua kwamba nyayo za msichana peke yake zinatosha, na kwamba mtu anayepumua akisikika sekunde mbili kabla hatujaona chumba, shoti ya mtu aliyekaa kitandani inaweza kuondolewa kabisa. Wakati mwingine inakuwa kinyume. Sini (onyesho) ya bafuni, ambamo mwanamke anauawa, katika filamu ya Hitchcock, Psycho ya 1960, ilichorewa storibodi na msanii Saul Bass, na Hitchcock alikusudia isiwe na muziki. Mtunzi wa muziki Bernard Herrmann akaandika kipande cha fidla hata hivyo, Hitchcock alipokisikia akakubali kiingie. Leo ni vigumu kuifikiria sini hiyo bila zile fidla.

Kuna shoti nzuri pia zinazokatwa bila kosa lolote. Korido ilipigwa kwa ustadi, mwanga umekaa, lakini inamchelewesha msichana. Kuitupa kunauma, hasa kama kundi lilikesha kuipata. Upande wa pili, shoti yenye kasoro hubaki: begi liko bega la kulia, shoti inayofuata liko la kushoto, na hakuna anayeona kwa sababu macho ya mwigizaji yamewashika watu. Walter Murch, mhariri wa Marekani, alipoorodhesha vigezo vyake vya kukata, hisia aliipa asilimia 51, na mwendelezo wa nafasi, yaani nani amesimama wapi, akaupa 4. Wanafunzi wengi hufanya hesabu hiyo kinyumenyume.

Kuna njia ya kuliona badiliko mapema, nayo haigharimu kitu. Piga picha kila kichoro cha storibodi kwa simu, ziingize kwenye programu ya uhariri, uzipe urefu unaoudhania, kisha rekodi nyayo na mlango kwa mdomo wako mwenyewe. Hiyo huitwa animatiki. Itazame pamoja na mtu ambaye hajasoma skripti. Ukimwona ameanza kushika simu yake kabla msichana hajafika mlangoni, korido ni ndefu mno, na bado hujakodi hata taa moja. Ihifadhi animatiki hiyo. Siku ya kuandika maelezo ya kazi yako, iweke sambamba na mkato wa mwisho, simamisha kila zinapotofautiana, na uandike nani aliamua na kwa nini.