Kukabia juu katika hoki ya barafu: yanayosemwa na yanayofanyika

Florida Panthers walipotwaa Kombe la Stanley, taji la NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini, mwaka 2024, wakarudia 2025, mara zote mbili wakiwafunga Edmonton Oilers fainali, mitaani ilibaki stori moja: jamaa wanapiga vikumbo. Vikumbo vipo kweli, ila havielezi kwa nini mabeki wa Oilers walikuwa wanakosa pa kupeleka kisahani, kile kidude bapa kinachochezwa badala ya mpira. Jibu liko kwenye kukabia juu, yaani kuwabana wapinzani wakiwa bado kwenye eneo lao.

Dhana: kukabia juu ni kumvamia mwenye kisahani

Mtu wa kwanza mara nyingi haendi kunyang'anya. Anamjia beki kwa upande, gongo likiwa limelazwa kwenye njia ya pasi ya katikati, ili beki abaki na njia moja tu, kando ya ubao unaozunguka uwanja. Wa pili ameshaiona hiyo njia, yuko hapo anasubiri. Wa tatu ndiye mwenye mfumo, na ndiye kamera humsahau: anabaki mbali kidogo na goli la wapinzani, katikati, akiangalia kisahani huku akiwa tayari kugeuka. Akiingiwa na tamaa akashuka naye hadi nyuma ya goli, pasi moja inatosha wapinzani watatu kuwakimbilia mabeki wawili. Nahodha wa Panthers, Aleksander Barkov, ana tuzo tatu za Selke, anayopewa mshambuliaji bora katika kazi ya ulinzi. Kwangu mimi hiyo inaeleza timu ile kuliko mkanda wowote wa vikumbo. Isitoshe, kumgonga asiye na kisahani ni kosa: dakika mbili nje.

Dhana: timu ina mfumo wake mmoja

Ina kadhaa. Ikiwa nyuma kwa bao hucheza 2-1-2 (namba huhesabu wachezaji kuanzia walio karibu zaidi na goli la wapinzani), wawili wakiwasaka mabeki. Ikiongoza hurudi 1-2-2. Na wachezaji ambao wamekaa barafuni karibu dakika nzima hawakabi chochote, wanawahi benchi.

Dhana: asiyekabia juu amepaki basi

Hapa ndipo wengi wanapotea. New Jersey Devils wa kocha Jacques Lemaire walisubiri katikati ya uwanja, wakanasa pasi, wakaondoka kwa kasi: huo ndio mtego wa katikati. Mwaka 1995 waliwachapa Detroit Red Wings fainali kwa michezo 4-0. Huwezi kushinda hivyo kwa kujificha.

Tampa Bay Lightning nao walikuwa na mtego wao, 1-3-1. Tarehe 9 Novemba 2011 Philadelphia Flyers waligoma kuingia ndani yake: beki alisimama na kisahani kwenye eneo lake, Tampa hawakumfuata, hadi waamuzi wakapuliza filimbi. Kituko, lakini Tampa walishinda 2-1 katika muda wa nyongeza.

Dhana: sheria za 2005 zilimaliza mtego wa katikati

Kuruhusu pasi ndefu kuvuka mstari wa katikati kulitanua uwanja, ila mtego haukufa, kama mkasa wa Tampa unavyoonyesha. Badiliko lisilosemwa sana lilimgusa mlinda mlango. Martin Brodeur wa Devils alikuwa akitoka golini, anachukua kisahani pembeni, anaanzisha mashambulizi kabla wakabaji hawajafika. Tangu 2005 kuna umbo lililochorwa nyuma ya goli, na kipa akicheza kisahani kilichoko nyuma ya mstari wa goli nje ya umbo hilo anaadhibiwa. Ndiyo maana wanaokitupa mbele hulenga kona.