Ubuntu 24.04: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ubuntu 24.04 LTS, mfumo endeshi wa bure wa kompyuta katika toleo la kutunzwa muda mrefu (ndiyo maana ya LTS), ilitoka Aprili 25, 2024, ikiwa na kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux 6.8 na GNOME 46, mwonekano wake wa skrini. Wapo wanaoikataa kwa sababu zisizokuwepo, na wapo wanaoipakua kwa matumaini yasiyokuwepo. Wanaoumia zaidi ni wale wenye laptopu moja na bando la kuhesabu.

“Wameondoa LibreOffice.” Hawajaiondoa. Wakati wa kusakinisha, unaulizwa uanze na programu zipi. Chaguo lililokwisha kuwekewa alama, “Default selection”, linakupa kivinjari na zana chache za msingi. Ukibonyeza “Next” bila kusoma, mwishoni hutaona programu ya kuandikia barua wala ya mahesabu, na lawama zinaanzia hapo. Chagua “Extended selection”: LibreOffice imo humohumo kwenye flashi, haidai intaneti. Ukiisahau, `sudo apt install libreoffice` itaileta, ila sasa bando ndilo litakalolipa.

“Faili za .deb hazikubali tena.” Hapa pana chembe ya ukweli. App Center mpya, duka la programu la Ubuntu, ilipotoka haikuweza kusakinisha faili la .deb (kifurushi cha programu) ulilolipakua mwenyewe, na uwezo huo ulikuja baadaye kwa masasisho. Lakini mfumo wenyewe haukuwahi kuzikataa. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) kwenye folda lenye faili, andika `sudo apt install ./` ukiunganisha na jina la faili. Nukta na mkwaju ni lazima; ukiziacha, apt, programu inayosakinisha vifurushi, hulitafuta jina hilo kwenye hazina za mtandaoni na kukujibu kwamba halipo.

“Ina ule mlango wa siri wa xz.” Hii ndiyo inayotisha watu kuliko zote, tena waliojichunguzia wenyewe. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, yamepachikwa mlango wa siri. Alichoanza kukiona ni kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunakochelewa kama nusu sekunde. Kwa upande wa Ubuntu, xz hiyo mbovu ilikuwa imefika kwenye hazina ya majaribio ya 24.04, ikaondolewa. Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, wakaamua kuvijenga upya vifurushi vyote vya 24.04 vilivyojengwa tangu Februari 26, na beta (toleo la majaribio kwa umma) ikasogezwa kutoka Aprili 4 hadi Aprili 11. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika toleo hili, ingawa hauonekani kwenye skrini.

Sasa ukiuliza kifurushi cha xz-utils, utaona namba `5.6.1+really5.4.5`. Usishtuke. Kilichomo ni 5.4.5, toleo la zamani lililo salama; 5.6.1 imetangulizwa ili kompyuta zilizokwisha kupokea toleo baya zilione hili kuwa jipya zaidi na zilichukue. Andika `xz --version` uhakikishe.

“Ukibaki 22.04 umeachwa.” La. 22.04, LTS iliyotangulia, inapata masasisho ya kawaida hadi 2027, na Ubuntu Pro, huduma ya masasisho ya ziada ambayo ni bure kwa matumizi binafsi hadi kompyuta 5, huongeza miaka mingine 5. Hata mwaliko wenyewe wa kuhamia 24.04 haukuwa wa kuwaonyesha watu wa LTS siku ya kwanza: desturi ni kusubiri toleo la marekebisho, 24.04.1, lililotoka Agosti 29, 2024.

“Ni Linux, itakimbia kwenye mashine yoyote kuukuu.” Ubuntu 24.04 ya mezani inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 25 na prosesa ya biti 64. Kwenye laptopu ya GB 2 itawaka, kisha itakuchosha kivinjari kikifunguka. Mwenye mashine ya namna hiyo aanze na Lubuntu 24.04, ndugu ya Ubuntu iliyo nyepesi zaidi, akijua kwamba yenyewe hutunzwa miaka 3, si 5.